Kabla ya Januari: mwongozo wa kuwafundisha vijana wakimbizi wapya wakati wa likizo jijini Nairobi

Kijana wa miaka 14 aliyefika Kayole majuzi kutoka Kivu ya Kongo, au Eastleigh kutoka Baidoa ya Somalia, hawezi kumalizishiwa silabasi ya Gredi ya 7 katika wiki sita za likizo. Wala silabasi siyo inayomkwamisha. Anakwama mlangoni: haelewi maagizo ya mwalimu, hajui aulize vipi, ripoti ya shule yake ya zamani haisomeki kwa mwalimu mkuu, na hesabu alizozijua vizuri huku zinaandikwa kwa mpangilio mwingine. Darasa la likizo lishughulike na hayo. Mengine yatafundishwa shuleni.

Mwongozo huu ni wa walimu, vikundi vya mtaa, makanisa na misikiti inayotaka kuanzisha darasa kama hilo. Ofisi si lazima, projekta si lazima. Kinachotakiwa ni watu wanne au watano ambao watafika kila siku, pamoja na ubao, chaki, madaftari, na choo chenye mlango unaofungika.

Hatua ya 1: Chagua likizo, ujue na sheria

Ulaya na Marekani likizo ndefu huangukia kiangazi, na programu nyingi za vijana wakimbizi hupangwa humo. Sisi tuna Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Likizo ya Agosti siku hizi ni kama wiki tatu tu, tena katika baridi. Mtoto aliyekulia Mogadishu au Juba atakaa darasani akitetemeka na hutapata lolote kutoka kwake. Ukiamua kufanya Agosti, basi sweta za mitumba kutoka soko la Gikomba ziingie kwenye bajeti kabla ya vitabu.

Likizo bora ni ile inayoanza mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu ni ndefu na ikiisha muhula wa kwanza unaanza. Fungua wiki ya kwanza ya Novemba, funga katikati ya Desemba kabla watu hawajatawanyika. Usitegemee madarasa ya shule jirani. Novemba ni mwezi wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na shule hazitaki kelele. Ukumbi wa kanisa, madrasa au ukumbi wa jamii unatosha, mradi uwe mahali ambapo wengi wanaweza kufika kwa miguu. Mvua ya vuli ikinyesha nauli hupanda, na nauli ndiyo sababu ya kwanza ya mtoto kutofika.

Halafu sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni ya likizo kwa wanafunzi waliosajiliwa shuleni, na chifu au afisa wa elimu ana haki ya kukuuliza unafanya nini. Jibu lako liwe la kweli: ni darasa la lugha na maandalizi kwa vijana ambao bado hawajaingia shule, halitozi ada, halifundishi silabasi. Mwone chifu na wazee wa Nyumba Kumi kabla ya kufungua. Ukingoja wakuite, mazungumzo yatakuwa mengine.

Hatua ya 2: Watafute wanafunzi bila kuwatia hofu

Wasomali na Waoromo wengi wako Eastleigh. Wakongo utawapata Kayole, Kasarani, Githurai, Kangemi na Kawangware, ambako pia wako Warundi na Wanyarwanda. Familia nyingi za Sudan Kusini zimekaa upande wa Rongai, Kitengela na Ruiru. Usiweke tangazo kwenye nguzo ya stima ukategemea watakuja. Pitia kwa mchungaji wa kanisa la Wakongo, kwa mwalimu wa dugsi (madrasa ya Kurani ya Wasomali), kwa mama anayesuka nywele, kwa fundi wa nguo. Hao ndio wanaojua nani amefika mwezi huu.

Elewa kwa nini watu huogopa orodha. Sera ya nchi kwa miaka mingi imetaka wakimbizi wakae kambini, Dadaab au Kakuma, na anayeishi Nairobi hutakiwa kuwa na kibali. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi waliingia Eastleigh nyumba kwa nyumba na maelfu wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Wazazi walioishi hapa wakati ule hawajasahau, na waliofika jana wameshasimuliwa. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 ililegeza mambo kadhaa kwenye karatasi, lakini mgeni akibisha hodi na daftari mkononi, bado mlango utafungwa.

Basi andika kidogo: jina analopenda kuitwa, umri, lugha anazozijua, na simu ya mtu wa kupigiwa akiugua. Namba ya kadi au ya barua ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, usiichukue, na usipige picha hati ya mtu yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Mweleze kwa lugha yake unaandika nini na daftari litalala wapi. Picha za darasa za kuwaonyesha wafadhili ziache kabisa. Najua wafadhili wanazipenda. Wapelekee picha ya ubao.

Wazazi watakuuliza maswali matatu, hasa wenye mabinti: nani anafundisha, choo kiko wapi, mnatoka saa ngapi. Uwe na majibu mkononi. Kila anayejitolea alete cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai (DCI), na asikae peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, awe mchungaji, awe shangazi wa mtu. Fimbo haiingii. Viboko viliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na mzazi akikwambia "huyu ukimwacha atakusumbua, mchape tu mwalimu", mjibu kwa heshima kwamba hapa hatuchapi.

Hatua ya 3: Pima anachokijua, Kiingereza baadaye

Mtihani wa Kiingereza siku ya kwanza utakwambia jambo moja ulilolijua tayari. Anza na karatasi ya hesabu isiyo na maneno hata moja: kujumlisha, kutoa, kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili, kugawanya, sehemu, mlingano mmoja mwepesi wenye herufi, na pembetatu iliyokosa pembe moja. Mpe nusu saa na penseli, mwonyeshe kwa ishara kwamba asichokijua akiruke. Utashangaa. Msichana asiyetamka neno atatatua mlingano wakati mvulana mwenye Kiingereza cha kujitapa amekwama kwenye kutoa kwa kukopa.

Kisha kusoma kwa lugha yake mwenyewe. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kisomali zikiwemo. Kwa Wakongo tafuta ukurasa wa Kifaransa, kwa Waethiopia ukurasa wa Kiamhari au Kioromo. Huna haja ya kuijua lugha. Sikiliza tu: anayesoma kwa ufasaha na anayeokota herufi moja moja hawafanani hata kwa lugha usiyoielewa. Anayesoma vizuri lugha moja tayari anajua kusoma. Utamfundisha sauti na maneno mapya tu. Asiyesoma lugha yoyote anahitaji njia nyingine kabisa, na ukiwachanganya wawili hao mmoja atachoka na mwingine ataona aibu.

Kiswahili na Kiingereza vipime mwisho, kwa ngazi zinazotumiwa na Uwezo, mradi unaopima usomaji wa watoto: silabi (kwa Kiingereza ni herufi), maneno, aya, hadithi. Dakika tano kwa mtoto zinatosha.

Baada ya hapo kaa na kila mmoja, mkalimani akiwepo, umuulize amesoma miaka mingapi, kwa lugha gani, na masomo yalikatika lini. Katika kuuliza huku kuna mitego miwili. Mkongo akisema yuko "première", muulize ni ya primaire (msingi) au ya humanités (sekondari), kwa maana baada ya miaka minane ya elimu ya msingi hesabu ya madarasa Kongo huanza upya na moja. Nimeona vijana wakubwa wakiandikiwa Gredi ya 1 kwa sababu ya neno hilo. Na Ethiopia ina kalenda yake, iliyo nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Aliyezaliwa 2003 kwa kalenda hiyo alizaliwa 2010 au 2011 kwa yetu. Ukiandika 2003 bila kuuliza, umemzeesha mtoto, na tarehe hiyo ikishaingia kwenye fomu za serikali kuitoa ni kazi ya miezi.

Hatua ya 4: Gawa makundi

Kundi lisizidi vijana 15. Kwa lugha, wagawe kwa kiwango. Kwa hesabu, wagawe upya, kwa kuwa anayeanza silabi huenda akawa mbele katika hesabu. Umri utazame kwa jicho moja: kijana wa miaka 17 asiyeshika kalamu maishani asikalishwe na wa miaka tisa, hata kama wote wanasoma "ba be bi". Msomeshe silabi hizo hizo kutoka kwenye bango la matatu, risiti ya duka na ujumbe wa M-Pesa.

Wiki ya kwanza kila mmoja awe na mwenzi anayesema lugha yake. Kuanzia wiki ya pili wachanganye. Kabila usiulize darasani, wala ukoo, wala "nyinyi mnatoka upande gani". Mnuer na Mdinka, Mnyamulenge na jirani yake wa Kivu, Mtigray na Mwamhari wanaweza kuketi benchi moja wakiwa wamekimbizana kwao, na wao wanalijua hilo kabla yako. Ukisikia neno la kejeli lenye harufu hiyo, lizime papo hapo kisha uzungumze na kila mmoja pembeni.

Hatua ya 5: Panga siku, na chakula

Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu. Ijumaa iache kwa ajili ya swala, na kwa ajili ya walimu wako kupumua. Mchana wavulana wengi wa Eastleigh wana dugsi na wasichana wengi wana kazi za nyumbani. Ukigombana na ratiba hiyo utapoteza wanafunzi.

Anza na uji. Mtu asidanganyike kwamba ni ukarimu tu: kwa baadhi yao ndicho chakula cha kwanza tangu jana. Lakini angalia kalenda ya mifungo. Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea hufunga tarehe 7 hadi 21 Agosti, na tena kuanzia 24 au 25 Novemba hadi Krismasi yao ya 7 Januari. Muda huo hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na wengine hawali kitu hadi mchana. Uji wa maji na githeri isiyo na mafuta ya wanyama huwafaa wote. Nyama ikipikwa iwe halali, na mpishi awe mtu ambaye wazazi Waislamu wanamwamini.

Baada ya uji, vipindi vitatu vya dakika 50: Kiswahili, hesabu, Kiingereza. Katikati kuwe na mchezo wa kweli wa nusu saa. Mpira huwachanganya wavulana haraka kuliko somo lolote. Wasichana waulize wanataka nini, usiwapangie kuruka kamba kwa mazoea.

Hatua ya 6: Lugha, na ipi kwanza

Shule za Kenya hufundisha kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4, na wazazi watakushinikiza ufundishe Kiingereza pekee. Usikubali. Kiswahili ndicho atakachokihitaji dukani, kwenye matatu, uwanjani na kwa polisi, tena hukipata haraka kwa kuwa kinamzunguka kila upande. Kijana anayeweza kutaniana na wenzake kwa Kiswahili hakai peke yake wakati wa mapumziko, na asiyekaa peke yake haachi shule. Wiki mbili za kwanza ziegemee Kiswahili, kisha uongeze Kiingereza cha darasani.

Siku tatu za mwanzo fundisha kwa mwili. Sema "simama", usimame. "Fungua daftari", ufungue. "Mpe mwenzako kalamu". Wao wafanye, wasilazimishwe kusema. Wengine watanyamaza wiki nzima na kichwani wanajaza. Kisha wape sentensi za kujiokoa, ambazo kila mmoja azijue usingizini: Sijaelewa, tafadhali rudia. Neno hili lina maana gani? Naomba ruhusa niende msalani. Nimepotea, nisaidie. Zote kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Kwa Kiingereza, achana na orodha za wanyama na rangi. Chukua karatasi za mitihani za Gredi ya 6 hadi ya 9, utoe vitenzi vya maagizo: chagua, linganisha, eleza, taja, pigia mstari, jaza pengo, onyesha njia. Havizidi ishirini, na vinarudi katika kila somo. Fundisha kimoja kwa kitendo: weka nyanya mbili na kitunguu mezani walinganishe, wataje, waeleze. Soko lina kila kitu cha kufundishia.

Matamshi yachukulie kwa utulivu. Kisomali hakina sauti za p, v na z, kwa hiyo "pesa" itakuwa "besa". Mtoto hakosi akili. Sikio lake halijawahi kutenganisha sauti hizo. Mpe jozi za kusikiliza kwanza: pata na bata, vua na fua, zana na sana. Anyooshe mkono wa kulia au wa kushoto kulingana na alichosikia, kabla hujamtaka atamke. Maandishi nayo yana mambo yake. Kisomali kimeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972, lakini c na x humo ni sauti za kooni za Kiarabu, kwa hivyo kwenye Kiingereza atazisoma ajabu. Anayesoma Kioromo tayari anazijua ch, sh na ny kama tunavyoziandika. Aliyesoma Kiamhari anatoka kwenye fidel, maandishi ya Kiamhari, ambamo kila alama ni silabi nzima. Mwandikie jedwali la ba be bi bo bu na ataliona kuwa jambo la kawaida kabisa. Aliyesoma Kiarabu pekee atahitaji siku kadhaa za kuzoea kuanzia kushoto, na hapo mazoezi ya mkono yana maana kuliko maelezo.

Wakongo wanastahili aya yao. Kwa kuwa wanasema Kiswahili, kila mtu hudhani hawahitaji kufundishwa, kisha Januari wanapata alama mbovu na kuchekwa. Kiswahili cha Bukavu au Goma kina "batoto", "mu nyumba", "ku masomo". Ni lugha kamili ya watu wazima wenye akili zao, na shule ya Nairobi itaikata kwa kalamu nyekundu. Waache waizungumze darasani kwako bila kuingiliwa. Katika kuandika, wape mazoezi ya ngeli za sanifu kwa uwazi, kama mtu anayeongeza mtindo wa pili. Mrundi na Mnyarwanda nao wana ngeli kwao, umuntu na abantu, hivyo mtu na watu hawatawasumbua. Kazi yao kubwa ni msamiati.

Sheng itaingia hata usipoialika. Waeleze nani huambiwa "niaje" na nani huamkiwa "shikamoo" au "habari ya asubuhi, mwalimu". Kosa la salamu humchongea mgeni zaidi ya kosa la sarufi.

Hatua ya 7: Hesabu iliyoandikwa kwingine

Hapa ndipo watoto wengi huonewa. Aliyesoma Kongo au Burundi huandika nukta ya desimali kwa mkato: 12,5 ni kumi na mbili na nusu. Akiona bei ya 1,250 dukani anaweza kuisoma moja na robo. Mgawanyo wao pia huweka kigawanyo upande wa kulia na jibu chini yake. Mwalimu wa hapa akiona hivyo huweka mkasi, wakati jibu ni sahihi. Waache wafanye kwa njia yao, kisha waonyeshe ya hapa ubavuni mwake, watatue swali moja kwa njia zote mbili mpaka mkono uzoee.

Aliyesoma Sudan kwa Kiarabu ameandika tarakimu zenye sura nyingine: tano ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, sita inafanana na saba, na sifuri ni nukta. Kabla hujasema hajui hesabu, bandika ukutani mistari miwili ya tarakimu, moja juu ya nyingine, ikae hapo hadi mwisho.

Kusoma saa kuna raha yake. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, saa moja ya asubuhi ikiwa ni saa ya kwanza ya mchana, kwa hiyo saa ya Kiswahili wataikamata siku hiyo hiyo na kuwafundisha wenzao. Saa ya Kiingereza ndiyo itakayowasumbua, kama inavyowasumbua watoto wetu.

Mafumbo ya hesabu yaandike kutokana na mtaa: mmepanda matatu wawili, nauli ni shilingi 50 kila mmoja, mmetoa noti ya 200, makanga arudishe ngapi? Swali hilo lina hesabu, lugha na kujikinga ndani yake.

Hatua ya 8: Wanaobeba mambo mazito

Usimwambie mtoto achore safari yake. Usimwambie asimulie "kilichomleta Kenya". Mazoezi hayo yanapendwa sana na wageni wanaotembelea madarasa, nami siyaoni yakimsaidia mtoto ambaye kesho mgeni huyo hatakuwepo. Mada za kuandika ziwe chakula, mchezo, mtaa wa sasa, kazi anayoitaka. Akitaka kusimulia mwenyewe, msikilize, usichimbe.

Kinachotuliza ni siku inayofanana na jana: saa ile ile, benchi lile lile, mwalimu yule yule. Mwalimu akibadilika, waambie siku moja kabla. Karibu na Eastleigh kuna kambi ya jeshi la anga ya Moi, na helikopta ikipita chini utaona baadhi wanainama. Waambie siku ya kwanza sauti hiyo ni nini. Siku za maandamano, funga darasa mapema na uwapigie wazazi.

Ukiona mtoto halali, anajiumiza, au anaishi na mtu anayemtumikisha, hiyo siyo kazi ya mwalimu wa likizo peke yake. Simu ya watoto ni 116, ya bure. Ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Aliyefika bila mzazi aelekezwe kwa afisa wa watoto na UNHCR, na mjulishe yeye mwenyewe kabla ya kupiga simu. Mkalimani wa mambo haya awe mtu mzima. Kaka wa miaka kumi asitafsiri siri za dada yake.

Hatua ya 9: Wafundishe jiji

Kila wiki mtoke mara moja. Wiki ya kwanza, mtaa wenyewe: hospitali, kituo cha matatu, duka la dawa, shule wanayotarajia. Wiki ya tatu, katikati ya jiji. Mwenye kukaa Eastleigh ajue matatu namba 6 na 9, wa Kawangware 46, wa Kasarani 17B, na wote wajue kushuka wakisema "shukisha" kwa sauti inayosikika. Makumbusho ya Taifa ni mahali pazuri, ila mimi napendelea maktaba: ya McMillan mjini, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara kwa walio Eastlands. Mtoto akijua mahali pa kukaa bure na kusoma, ameshapata kitu kitakachobaki darasa likifungwa.

Kabla ya kutoka, beba barua ya darasa yenye mhuri wa kanisa au wa kikundi, namba za viongozi, na idadi ya vijana. Waliofika miaka 18 wabebe hati zao wenyewe. Mkisimamishwa na askari, mtu mmoja mzima azungumze, kwa adabu. Vijana wakae kimya. Mambo ya kukamatwa au hati kuchukuliwa yana wenyewe: Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya hutoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi, basi namba zao ziwe kwenye simu ya kila mwalimu.

Hatua ya 10: Mlango wa shule

Anza kazi hii wiki ya tatu, usingoje Desemba. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na hakisemi mtoto wa Mkenya. Lakini mwalimu mkuu ana mfumo wa usajili wa wizara unaoomba cheti cha kuzaliwa, ana madawati yaliyojaa, na ana hofu ya kuulizwa. Usiende kumsomea Katiba. Nenda na folda.

Ndani ya folda weka hati ya usajili ya familia aliyonayo mzazi, arudi nayo nyumbani baada ya kuonyeshwa. Ripoti ya shule ya zamani pamoja na tafsiri yake, miaka ya kalenda ya Ethiopia ikiwa imegeuzwa, la sivyo ripoti ya 2016 itaonekana ni kuukuu wakati ni ya 2023 na 2024. Karatasi ya hesabu ya siku ya kwanza na ya wiki ya mwisho, kwa mwandiko wa mtoto. Na ukurasa mmoja wako unaosema anasoma kwa kiwango gani katika kila lugha. Karatasi hizo za hesabu ndizo zitakazomwokoa kijana wa miaka 14 asiwekwe Gredi ya 2. Omba awekwe darasa moja au mawili chini ya umri wake, na umwambie mwalimu mkuu ni lugha inayomrudisha nyuma.

Mzazi aende mwenyewe. Wewe uwe pembeni kama mkalimani. Muulizeni mwalimu mkuu mbele ya mzazi gharama zote: sare, chakula cha mchana, michango. Karo haipo katika shule za msingi za umma, lakini sare ipo, na Januari bei zake hupanda, zinunuliwe Novemba. Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa upole, kisha nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na folda ile ile. Waliopita miaka 18 waelekezwe kwenye elimu ya watu wazima au vyuo vya ufundi. Kuwasukuma Gredi ya 7 na ndevu zao ni kuwaonea.

Januari, Ijumaa ya wiki ya kwanza, mpigie kila mzazi. Muulize mambo matatu tu: ameketi na nani, amekula nini mchana, na daftari lake lina nini. Mpigie tena Februari kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula, maana wengi wanaoacha huacha kimya kimya kabla ya hapo. Akiwa ameacha, nenda nyumbani na mwalimu anayejua lugha yao; mara nyingi ni sare, au kuna mtu alimcheka, na yote mawili yanatengenezeka.